Zamu ya Thakorbhai

Thakorbhai hakujiunga na kikundi kwa ajili ya udongo. Hilo niliseme mapema, maana watu wa Kiganjo hadi leo husema Mhindi wa hardware aliogopa korongo lisije likamlia nyumba, naye hajajisumbua kuwasahihisha. Alijiunga kwa sababu aliwasikia wakicheka.

Ilikuwa Januari, jua kali, nyasi zimekauka hadi zinavunjika ukizikanyaga. Alikuwa ameketi uani nyuma ya duka, kwenye benchi la mbao chini ya mti wa marehemu mkewe, anakunywa chai iliyokwisha kupoa. Ng'ambo ya ua wa miiba ya kaiyaba, kwenye kiwanja cha Rashid fundi cherehani, watu walikuwa wakilima matuta. Mmoja wao akasema neno, wengine wakapasuka kwa kicheko, na mwanamke mmoja akawa anaomba aachwe apumue. Thakorbhai hakusikia kilichosemwa. Alijikuta anatabasamu na kikombe chake mkononi, kisha akaona aibu, ingawa hapakuwa na wa kumwona.

Na hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake nzima, kwamba hapakuwa na wa kumwona. Kamla alikuwa amefariki mwaka wa pili sasa. Binti yao, Meera, yuko Leicester, Uingereza, na hupiga simu kila Jumapili, na simu ikikatwa nyumba hunyamaza kuliko ilivyokuwa kabla haijalia. Dukani watu hawakosekani, ni kweli. Wanataka misumari, rangi, koki za maji. Lakini mteja husimama upande wake wa kaunta, na akishapata chake huyo anakwenda zake. Lile benchi la uani, ambalo Kamla alizoea kuwakalisha majirani na kuwalazimisha kula hata walioshiba, halikuwa limekaliwa na mgeni tangu siku za matanga. Thakorbhai mwenyewe hukaa mwisho mmoja, palepale alipokaa miaka yote. Alichokitaka ni kitu kidogo tu: watu waingie uani, wakae, wale. Kukisema ndiko kulikomshinda.

Udongo nao ulikuwa na msiba wake. Mteremko wote kutoka madukani hadi mtoni ulikuwa umechanwa na mvua za miaka mitatu minne hivi. Korongo lilianzia chini kabisa, kwa mjane mmoja aitwaye Waithira, likapanda kila masika likila viazi vya watu, migomba na choo cha mtu mmoja, mpaka likafika karibu na mti wa Kamla. Huo mti Kamla aliuita limdo, ule ambao majani yake hutiwa kwenye mchuzi. Kila mtu alimwambia hautaota kwenye baridi ya Kiganjo. Akaufunika gunia kila Julai kama mtoto mchanga, ukaota.

Watu walipochoka kungoja tingatinga la serikali ambalo halikuja, Warigia, muuza mboga wa sokoni, aliwaita akawaambia kidole kimoja hakivunji chawa. Ukijilimia tuta lako peke yako na jirani wa juu hana, maji yake yatakuja kulisomba lako. Basi walime wote, viwanja vyote, kabla ya masika, kwa mtindo wa fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unaurusha upande wa juu uwe ukingo, halafu juu ya ukingo unapanda nyasi za nepia ukingo ushike na ng'ombe apate chakula. Na walime kwa ngwatio, kama mama zao walivyolima. Leo kwangu, kesho kwako. Hakuna anayelipwa. Mwenye shamba hupika, watu hula wakiwa wamekaa, na deni la mkono hulipwa kwa mkono. Waliongeza sheria moja: tuta la mtu likibomoka, wote hurudi kulitengeneza, kwa sababu likibomoka la juu walio chini wote wameoga.

Thakorbhai alikwenda kwa Warigia akaomba aandikishwe. Kwa kuwa alichelewa, zamu yake ikawekwa ya pili kutoka mwisho. Ya mwisho ilikuwa ya Waithira.

Siku ya kwanza ya kwenda kulima, Thakorbhai alimtuma Wambugu.

Msimcheke. Lile duka halikuwahi kufungwa siku ya kazi tangu enzi za baba yake, isipokuwa siku ya msiba wa Kamla, na kwake duka kufungwa na mtu kufa yalikuwa mambo mamoja. Wambugu alikuwa mtu wake bora. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, mabega kama mlango, amekaa naye dukani tangu ujana. Thakorbhai alimkabidhi jembe jipya kutoka rafuni, akaona amefanya heshima kubwa. Nani mwingine katika kikundi alileta mtu wa nguvu kama yule? Basi ikawa hivyo kila zamu. Asubuhi Wambugu anakwenda na jembe, jioni anarudi na vumbi, na Thakorbhai anamngojea kaunta.

"Leo walicheka nini?" humuuliza.

"Walicheka tu, mzee," Wambugu hujibu. Mungu hakumjalia mdomo wa hadithi.

Zamu ya Thakorbhai ilipofika, alfajiri ilimkuta jikoni. Alikuwa ametoa sufuria kubwa ambayo Kamla aliitumia sikukuu ya Diwali, akapika kichri, mchele na ndengu pamoja, akachuma majani ya limdo akayakaanga kwenye siagi mpaka nyumba nzima ikanukia Kamla. Hapo alisimama kidogo na mwiko mkononi. Halafu akaendelea, akachemsha chai ya tangawizi, akafuta vumbi kwenye vikombe, akatoa viti vya sebuleni akavipanga uani pamoja na benchi. Vijana wa chuo cha polisi walipita barabarani wakikimbia na kuimba, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu wimbo wao haukumkera.

Kisha watu wakaja.

Wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda. "Nimetumwa na Rashid," akasema. Wakafuata wanaume wawili wenye gambuti ambao Thakorbhai hakuwahi kuwaona. Wametumwa. Akaja mpwa wa huyu, shemeji wa yule. Nyawira, binti wa Warigia, alifika na nyaya za simu masikioni na majembe mawili begani.

"Hii moja ni yangu," akasema. "Hii ingine ni ya cucu Waithira, yule nyanya wa chini. Yeye hana mtu ya kutuma, ametuma jembe."

Lilikuwa jembe kuukuu, bapa lake limelika mpaka limebaki kama kijiko, mpini umeng'aa kwa mikono. Thakorbhai alilipokea kwa mikono miwili asijue alifanyie nini, akaliegemeza benchini.

Siwezi kusema kazi ilifanywa vibaya. Walilima wakalima vizuri, mitaro imenyooka, kingo zimepigwa zikashikana. Lakini walilima kama watu wanaotaka kumaliza. Kila mtu na nyaya zake masikioni, na aliyefungua mdomo aliuliza saa. Hakuna aliyecheka. Mchana walikula wamesimama, sahani mkono mmoja, simu mkono wa pili. Mmoja aliomba karatasi afunge chake aende nacho. "Asante, mzee. Chakula iko sawa," wakasema kwa adabu, wakaondoka na majembe yao na lile la Waithira. Viti vya sebuleni vilibaki vimepangwa kama vilivyopangwa. Sufuria ilikuwa haijafika nusu.

"Mbona wao wenyewe hawakuja?" Thakorbhai aliuliza.

Wambugu alikuwa akinawa miguu bombani, na aliinawa kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo. "Uliza Warigia, mzee," akasema mwishowe.

Alikula kichri ile asubuhi na jioni mpaka ikachacha, na kila kijiko kilimwongezea hasira. Aliwaona watu wa Kiganjo ni wabaya, wana dharau, wamemtenga kwa rangi yake, yeye aliyezaliwa hospitali ileile ya Nyeri walikozaliwa nusu yao. Hasira ilipoisha akabaki na kitu kibaya zaidi, huzuni, na huzuni haina wa kugombana naye. Akaenda sokoni akanunua nyanya ambazo hakuzihitaji.

"Warigia, mimi nimewakosea wapi?"

Warigia alikuwa akipanga sukuma wiki mafungu mafungu. "Hujakosea, mzee. Kwani kazi ilibaki?"

"Kazi iliisha. Lakini mlinitumia watoto na watu sijui."

"Na wewe si ulituma Wambugu?"

"Nilituma mtu yangu ya nguvu! Na jembe mpya!"

"Ni ukweli. Wambugu analima kushinda Rashid mara mbili, na Rashid anafunga duka yake anakuja na hiyo mgongo yake mbaya." Akaweka sukuma chini, akamtazama. "Mzee, ngwatio ni hivyo. Ukikuja, tunakuja. Ukituma, tunatuma. Hakuna mtu alikasirika, ati tukufanyie ubaya. Sisi tulisema, huyu mzee ni mtu ya duka, tangu mama Meera aende hapendi watu wajae kwake. Tukaona tusikusumbue."

Afadhali angemtukana. Tusi lina jibu. Thakorbhai alisimama pale na mfuko wa nyanya, mkuki alioutumia wiki zote zile akiuona mtamu sasa uko ubavuni mwake, na waliomchoma walidhani wanamfanyia hisani.

"Imebaki ya nani?" akauliza.

"Ya Waithira pekee. Jumamosi."

Jumamosi duka lilikuwa limefungwa. Mteja mmoja aliyekuja kutafuta waya alipoona kufuli alikimbia kwa Wambugu kuuliza kama mzee amekufa. Mzee alikuwa njiani kwenda chini, viatu vya ngozi miguuni, jembe jipya begani na bei yake bado imebandikwa kwenye mpini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu aliinama mpaka kiuno kikalia. Walipomwona wote waliacha kulima. Kisha Rashid akasogea, akamwachia nafasi kwenye mstari, na kazi ikaendelea.

Alilima vibaya sana. Udongo wote aliutoa mtaroni akautupa chini.

"Mzee, ni fanya juu! Si fanya chini!" Warigia akapiga kelele, na mteremko mzima ukacheka. Thakorbhai alishtuka, akatazama fungu lake la udongo lililokuwa likiteremka kuelekea mtoni, akacheka yeye pia. Viganja vilivimba malengelenge kabla ya saa nne. Wakamnyang'anya jembe, wakampa kazi ya kupanda nepia, na hiyo nayo alipanda vipande viwili kichwa chini. Waithira, mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani, alimfuata nyuma akavigeuza.

Mchana walikaa juu ya magunia wakala githeri ya Waithira, mahindi na maharagwe. Rashid alisimulia habari ya afisa mmoja wa polisi aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno, akanenepa kabla ya kuja kuichukua. Sasa Thakorbhai alikuwa karibu, akasikia kila neno, na kusema kweli hadithi yenyewe haikuwa ya kuchekesha hivyo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasingizia pilipili. Githeri haikuwa na pilipili.

Jioni Warigia alikung'uta udongo kwenye gambuti. "Basi, imeisha," akasema. "Sasa tungoje mvua."

"Na baada ya hapa?" Thakorbhai aliuliza. "Tunaenda kwa nani?"

"Hakuna, mzee. Tumemaliza. Labda mwaka ujao, tukiona iko mahali imebomoka."

Wakaagana. Kila mtu alikwangua jembe lake kwa kijiti, wakapanda mteremko wawili wawili, sauti zao zikapungua. Zamu yake ilikuwa imeshapita, na aliila peke yake kwenye sufuria.

Jumapili Meera alipiga simu. Alimwambia baba yake sauti yake ina uchangamfu, akamuuliza kuna nini. Thakorbhai akasema hakuna. Simu ilipokatwa alikaa benchini, mwisho wake uleule, akatazama matuta yake yaliyokata uwanja kutoka ua hadi ua. Yalikuwa mazuri. Hayangebomoka mwaka huu wala mwaka ujao. Ndipo akakumbuka ile sheria ya kikundi, kwamba tuta likibomoka wote hurudi, na akaona aibu kabla hata wazo halijakamilika. Lakini aibu haikumzuia. Alikwenda akachukua jembe.

Alichagua ukingo wa chini, katikati, mahali ambapo mtu angeweza kudhani ni kazi ya fuko. Akapiga. Ukingo ulikuwa umeshikana kuliko alivyofikiri. Wale watoto walifanya kazi. Akapiga tena na tena, malengelenge yakapasuka, nepia mbili zikang'oka na tundu likaanza kuonekana. Alipumzika akiwa ameegemea mpini, anahema, na alipoinua macho alimwona Waithira. Alikuwa amesimama shambani kwake chini, kitambaa cha kijani, mkono juu ya macho, anamtazama.

Waithira alipanda. Hakuharakisha. Alikuja na jembe lake, akilitumia kama mkongojo, na Thakorbhai alipata muda wote wa dunia wa kutunga uongo. Hakuupata.

"Imebomoka?" Waithira aliuliza alipofika.

"Hapana. Ni mimi nabomoa."

"Kwa nini?"

"Ndio mrudi," akasema Thakorbhai. Alisema maneno mengine akitazama udongo. "Nilipika siku ile. Hakuna mtu alikaa."

Waithira alitazama tundu, akatazama chini ambako maji ya tundu lile yangekwenda. Yangefuata korongo hadi kwake, si kwa mwingine. Thakorbhai aliliona hilo wakati uleule alipoliona Waithira, na kama ardhi ingefunguka angeshukuru.

"Wewe Thakori ni mjinga," Waithira akasema.

"Ni kweli."

"Mimi niliwaomba waniweke mwisho. Warigia alitaka aanzie kwangu, sababu korongo ilianza kwangu. Nikakataa." Akatema mate pembeni. "Nilijua wakishafika kwangu, imeisha. Basi nikasema wakawie. Kila asubuhi nilikuwa naamka nikihesabu wenye bado."

Waithira aliinama, akaanza kurudisha udongo mahali pake kwa lile jembe kama kijiko. "Lete hiyo nepia," akasema. "Na uangalie kichwa ni wapi."

Waliziba tundu. Waithira aliupiga ukingo kwa bapa la jembe mpaka ukawa mgumu kama ulivyokuwa, akaukanyaga kwa miguu yake, akamwamuru naye akanyage. Walipomaliza Waithira alitazama benchi, akatazama mti, akachuma jani moja la limdo, akalisugua vidoleni akalinusa.

"Mke wako alikuwa ananipatia hii," akasema. "Nilikuwa natupa. Sikujua inapikwa na nini."

"Nitapika," Thakorbhai akasema upesi. "Sasa hivi."

"Weka chai kwanza."

Akaenda jikoni akikaribia kukimbia. Alipotoka na vikombe viwili Waithira alikuwa amekaa benchini. Hakukaa mwisho wa Kamla wala mwisho wake. Alikaa katikati kabisa, kama mtu asiyejua kwamba benchi lina wenyewe, na Thakorbhai ilimbidi akae pale palipobaki. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi mno. Waithira alimwambia hivyo, akanywa yote, akaomba nyingine. Hawakuzungumza mengi. Alisema mahindi yake yamechelewa, na kwamba mlima leo umejifunika mapema. Kisha jua likaenda, akafunga kanga vizuri, akashuka zake.

Jembe lake lilibaki limeegemea benchi.

Thakorbhai aliliona alipokuja kuchukua vikombe. Alitaka kumwita, na sauti ingemfikia. Akaacha. Dukani kwake alikuwa na majembe mapya safu mbili, na hakuna hata moja alilowahi kulitazama mara nyingi kama alivyolitazama lile kesho yake, akitoka kaunta na kurudi, mpaka Wambugu akamuuliza kama anatafuta kitu. Jumatatu Waithira hakuja. Jumanne hakuja, na jioni ile ilinyesha mvua ya kwanza. Thakorbhai aliliingiza jembe chini ya paa lisilowe, asubuhi akalirudisha palepale.

Jumatano alikuja. Alisema amefuata jembe lake. Alikaa, akala kichri sahani mbili, akalalamikia chumvi, akaeleza jinsi maji yalivyosimama nyuma ya matuta yake usiku kucha bila hata kijito kimoja kupita, kisha akainuka akaondoka, na jembe akalisahau tena.